Rozari Yangu Wameifanya Kithitu

Mpendwa Mama Mshauri,

Naomba msaada wako, na naomba unisome hadi mwisho kwa sababu sijui kueleza jambo kwa ufupi, na hapa nyumbani sina mtu wa kumweleza ambaye hataitazama mikono yangu kwanza kabla ya kunisikiliza. Mimi ni msichana wa Kidato cha Tatu katika shule ya bweni ya masista, kwetu ni Kyuso, na sasa niko likizo ya Agosti. Tangu nifike nimekuwa kama mtu aliyepigwa kofi gizani na hajui nani amempiga.

Yote yanahusu rozari yangu. Nilipewa siku ya Kipaimara na msimamizi wangu, ni ya mbegu za kahawia na msalaba wake ni wa mti. Mimi ni mtu wa kunyamaza, Mama Mshauri. Darasani nikiulizwa swali ambalo jibu lake ninalijua, maneno hunikwama hadi mwalimu anamgeukia mwingine, lakini nikishika rozari sihitaji kutafuta maneno, nayakuta pale, ni kama kuingia chumbani na kukuta meza imetandikwa na mtu anayenipenda. Mwaka ule mvua zilipokosa na baba akaenda Kibwezi kutafuta kazi kwenye mashamba ya mkonge, ambako yuko hadi leo, tukakaa muda mrefu bila kusikia habari zake, mimi na mama tulikuwa tunapiga magoti kwenye mkeka jioni tukiwa hatujala, tunasali rozari, na nakuapia, la, neno hilo silitaki tena, nakuambia kweli kwamba tulikuwa tunainuka tukiwa na nguvu kuliko tulivyopiga magoti. Kwa hiyo si kitu cha mapambo kwangu.

Muhula uliopita nilimwachia mama rozari hiyo kwa sababu yake ilikatika na mbegu zikaliwa na kuku. Mwanzoni mwa muhula akanitumia salamu kwamba baba mdogo Nzioka, ambaye hajaingia kanisani tangu siku ya ndoa yake, amekuja kwa upole kuomba "ile rozari ya Mbula", yaani yangu, na mama akampa akilia kwa furaha. Mimi pia nilifurahi, nikawaambia wenzangu bwenini kwamba baba mdogo ameanza kusali, tena siku hiyo tulimtolea rozari yetu ya jioni.

Nilipofika nyumbani nikaenda kisimani, na wanawake waliokuwa wakichota maji kwenye shimo la mchangani wakabeba mitungi yao wakasogea, si kwa ubaya, walisogea tu vile watu wanavyompisha ng'ombe mkali. Nikadhani labda ninatoa harufu ya basi. Jioni baba mdogo akaja kula kwetu, akakaa kwenye kigoda, akanitazama kwa heshima ambayo hajawahi kunionyesha.

"Mbula," akasema, "kitu chako kina meno."

"Kitu gani, baba?"

"Hicho cha shanga. Vya wazee vinaweza kungoja miaka saba. Chako hakikungoja hata mbaazi zikomae." Akacheka akijipakulia isyo ya mahindi na maharagwe. "Nyinyi mmesoma kweli."

Mama alikuwa ameinamia sufuria na hakuinua kichwa.

Sijui kama wewe ni wa kwetu, Mama Mshauri, kwa hiyo nieleze. Kithitu ni kitu cha kuapia cha Wakamba. Watu wawili wakigombana na wazee wakashindwa kuamua, huletwa kithitu, kinawekwa juu ya jiwe, na anayeapa anakigonga kwa kijiti akisema kama nasema uongo kithitu kinile. Hakishikwi kwa mkono wala hakilali ndani ya nyumba. Aliyeapa uongo akifa husemwa kithitu kimemla, na kikishaanza kula hakimwachi yeye peke yake, kinaendelea na watu wa nyumba yake mpaka mwenye kithitu aje akifungue. Nimeyasikia haya tangu nikiwa mdogo, vile watoto wa mahali pengine wanavyosikia habari za mazimwi, ila hapa hata watu wazima huyasema kwa sauti ya chini.

Baba mdogo na jirani yetu Jonah Mutie waligombania mpaka wa mashamba kwa miaka mingi. Mashamba yao yanakutana kwenye kichuguu kikubwa, na kila mmoja anasema kichuguu ni chake. Jonah alifikia hatua ya kwenda kukaa pale kila jioni na mtoto wake mdogo Ndolo, wanaegemea kichuguu hadi giza linapoingia, ili baba mdogo asije akapanda mkonge wa kuweka mpaka upande wa pili. Mwishowe wazee wakasema kiapwe kiapo au ugomvi ufe. Wenye kithitu cha kweli wa upande wa Tharaka walitaka mbuzi wengi na dume la ng'ombe, na baba mdogo hana. Ndipo akakumbuka kwamba sisi Wakatoliki tuna kitu cha mbegu kinachonong'onezewa.

Jonah alikuwa mtu wa kanisa la waliookoka, na hakuogopa. Nimeambiwa na binamu aliyekuwepo kwamba alipoiona rozari yangu juu ya jiwe alicheka hadi akashika magoti. "Nzioka, ndiyo hii tu? Nikimaliza hii niletee na tasbihi ya Abdulkadir wa dukani, na mkufu wa mke wako ukipenda, niape zote nirudi kwangu kabla uji haujapoa." Watu wakacheka. Akaokota kijiti, akaigonga rozari yangu, akasema kichuguu ni changu na kama nasema uongo hiki kinile. Kisha akaenda zake.

Baada ya wiki chache Jonah akaanza homa isiyokwisha, akakonda, tumbo likavimba upande, akafa. Walimzika wiki mbili kabla sijafunga shule.

Mama Mshauri, nilipoyasikia haya nilitoka nje nikasimama kwenye giza. Asubuhi nikamuuliza mama rozari iko wapi, akanionyesha kwa kidevu tu. Baba mdogo ameitia kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia, akautoboa, akautundika kwenye ua wa minyaa nyuma ya zizi, mbali na nyumba. Nikaenda kuichukua. Na hapa ndipo ninapoona aibu kuandika. Nilipofungua mkebe na kuona mbegu zangu na ule msalaba, nilijikuta nimeinama, nimeokota kijiti, na nilikuwa ninaiinua rozari yangu mwenyewe kwa kijiti. Mkono wangu ulifanya hivyo bila kuniuliza. Nikaangusha kila kitu ndani ya mkebe, nikakimbia. Tangu siku hiyo sijasali rozari, hata kwa vidole. Nikianza "Salamu Maria" naliona lile jiwe.

Kuna jambo lingine ambalo sijamwambia hata mama. Muhula ule wote nilikuwa naweka nia moja katika rozari ya bweni, kwamba ugomvi wa kichuguu uishe. Nao umeisha. Usiku nalala nikijiuliza kama Mungu alinisikia na akafanya hivi.

Sasa sikia lililonifanya niandike. Jumatano iliyopita Mbinya, mjane wa Jonah, alikuja na kuku kwapani na Ndolo mgongoni. Hakuingia. Alikaa nje ya lango.

"Karibu ndani, mama," nikamwambia.

"Hapa panatosha, mwanangu. Sikuja kugombana." Akamshusha mtoto. Ndolo ana miaka sita lakini ungesema ana mitatu, miguu ni vijiti na tumbo limejaa kama la mtu aliyemeza kibuyu, na alikuwa anatetemeka kwa homa juani. "Jonah aliapa mimi nikiwa shambani. Mtoto hakuapa. Kama baba yake alisema uongo, ameshalipa. Kiambie kitu chako kimwache huyu."

"Mama, mpeleke hospitali."

"Nimpeleke akiwa amefungwa na kiapo? Mtoto aliyefungwa akiguswa na sindano hafiki asubuhi, nimeona kwa macho yangu. Wewe fungua, na mimi jioni hiyohiyo naondoka naye, hata kwa miguu." Akanisukumia yule kuku. "Na usiseme nimekuja. Kanisani wakijua nimepiga goti kwa Wakatoliki watanitenga."

Nilisimama pale, Mama Mshauri. Akaningoja, kisha akambeba mtoto, akasema atarudi nikiwa nimefikiri. Yule kuku alimwacha kwetu.

Baba mdogo anasema nisifungue kitu mpaka Mbinya akubali mbele ya wazee kwamba kichuguu ni chetu. Mama ananiambia usiku, "Nenda tu useme umefungua, mwanangu, ni maneno tu, Mungu ataelewa." Abdulkadir mwenye duka, nilipoenda kununua chumvi, aliinua tasbihi yake akanionyesha. "Mwanafunzi, hii ilikuwa ya babu yangu. Kama shanga zingekuwa zinaua, na vile watu wanavyoniapia hapa kila siku kwamba ndengu zao hazina mchanga, Kyuso ingekuwa makaburi matupu." Alitaka nicheke na sikuweza. Yeye anaishi kwake na tasbihi yake haijatundikwa kwenye minyaa.

Nikienda kufungua, nitakuwa nimekiri mbele ya watu wote kwamba rozari ya Mama Maria ni kithitu na inakula watu. Nisipoenda, Ndolo atabaki pale anavimba, na watasema mwenye kithitu alikataa. Sijui lipi ni dhambi. Na sijui kama rozari ile bado ni rozari au imekuwa kitu kingine, maana ilinipa nguvu nilipokuwa sina kitu na sasa siwezi kuigusa. Mimi ni mtoto wa shule. Nitamwambia nini mama mtu mzima, mimi ambaye hata swali la jiografia hunishinda kujibu kwa sauti?

Naomba unijibu kupitia sanduku la posta la misheni.

Ni mimi binti yako,
Mwenye Mikono Inayoogopwa,
Kyuso.


JIBU LA MSHAURI

Binti yangu,

Nitakuita Mbula, ingawa si jina lako, maana majina yenu yote nimeyabadilisha. Jibu hili liliondoka hapa kwa basi siku ileile barua yako iliponifikia, kwa anwani ya misheni. Hapa gazetini utalisoma ukiwa umeshatenda au umeshakataa. Nalichapisha kwa sababu naamini ua wenye mkebe kama huo hauko kwenu peke yenu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote nilishtuka, lakini si pale ulipotaka nishtuke. Umeniandikia kurasa nzima juu ya mbegu na mkebe na kijiti, na katikati, kama mtu anayetaja hali ya hewa, umeniambia kuna mtoto wa miaka sita mwenye homa, aliyekonda, tumbo limevimba, ambaye hajafika hospitali. Hilo ndilo swali la barua hii. Mengine ni maelezo.

Kwa hiyo tuanze na yeye. Mimi si daktari. Lakini nimekaa miaka kadhaa pande za Mwingi, na wahudumu wa zahanati za huko wakisikia homa isiyokwisha, kukonda na tumbo kuvimba upande, jambo la kwanza wanalouliza ni ugonjwa wa kala-azar. Huletwa na wadudu wadogo wanaouma jioni, na wadudu hao hukaa kwenye nyufa za vichuguu. Sasa soma tena barua yako mwenyewe. Baba na mtoto, kila jioni, wameegemea kichuguu hadi giza. Uliandika kwa mkono wako na hukuona, kwa sababu macho yako yalikuwa kwenye jiwe la kiapo. Huenda nimekosea, huenda ni ugonjwa mwingine. Madaktari wa hospitali watasema, si mimi wala Nzioka. Ninachokijua ni kwamba kala-azar ina dawa, ni sindano za siku nyingi mfululizo, na kwamba bila dawa huua polepole, vile ulivyoniambia alikufa Jonah.

Mbinya hakudanganya aliposema ameona mtoto akifa baada ya sindano. Nami nimewaona watoto wa namna hiyo. Huwa wameletwa wakiwa wamebaki mifupa, baada ya kufunguliwa kwanza hapa na pale, sindano inawakuta wanaondoka, na lawama inaangukia sindano. Usimcheke kwa hilo. Ni mama anayejaribu kuokoa mtoto kwa habari alizonazo, na alikuja kwenu kwa miguu akihatarisha kutengwa na kanisa lake. Katika barua yako yote hakuna mtu aliyefanya tendo la ujasiri kuliko hilo.

Sasa rozari. Uliza unachotaka kuuliza kweli: je, ilimuua Jonah? Hapana. Rozari haina tumbo wala meno, haimshiki mtu kwa maneno yake, haijui kichuguu ni cha nani. Ni kamba ya kushikilia sala ili akili isipotee njiani. Nguvu uliyoipata kwenye mkeka na mama yako mkiwa na njaa haikutoka kwenye mbegu, ndiyo maana mama yako akiwa na rozari iliyokatika na mbegu zake kuliwa na kuku angeweza kuendelea kwa vidole, na ninaamini aliendelea. Ilitoka kwa yule mliyekuwa mnazungumza naye. Yeye hajatundikwa kwenye ua wa minyaa.

Na ile nia yako ya bwenini, kwamba ugomvi uishe, iache kukunyima usingizi. Uliomba amani. Anayeombwa amani hatumi jeneza halafu akaita hilo jibu. Ukimdhania Mungu hivyo, basi wewe na baba yako mdogo mna imani moja, tofauti ni kwamba yeye anacheka na wewe unalia.

Nitakukaripia kidogo kuhusu kijiti, kisha tutaliacha. Umeona aibu, na ni vizuri. Lakini usijifanye kwamba mkono ulitenda peke yake. Umekulia Kyuso, umesikia minong'ono tangu utotoni, na sakramenti haikuyang'oa hayo yote kwa siku moja. Hofu hiyo haikufanyi kuwa mpagani. Kukaa nayo ndani huku ukijiita Mkatoliki na kumwacha mtoto wa watu angojee, hiyo ndiyo itakayokudhuru.

Unasali Matendo ya Furaha ya rozari tangu utotoni, kwa hiyo nisaidie kukumbuka. Katika tendo la kwanza kuna msichana, Maria, wa umri kama wako au chini yake, yuko kwao, anapata habari ya kumshtua, anafadhaika, anauliza itakuwaje. Katika tendo la pili tunamkuta wapi? Yuko njiani. Ameinuka kwa haraka kwenda milimani kwa mama mtu mzima aliye na shida. Hakungoja mshtuko uishe ndipo aende. Aliingia barabarani nao. Wewe, Mbula, umesimama kati ya tendo la kwanza na la pili tangu Jumatano ile, na umeniandikia kuniuliza kama mahali hapo panafaa kukaa. Hapafai.

Umeniuliza lipi ni dhambi kati ya kufungua na kutofungua. Mama yako anasema danganya kidogo, mtoto aende hospitali. Ninauelewa moyo wake na sikubaliani naye. Ukisema umefungua, leo utamwokoa Ndolo na kesho wataletwa wengine langoni kwenu, na baba yako mdogo atakuwa amepata kazi ya maisha. Baba yako mdogo anasema usifungue mpaka apewe kichuguu. Huyo sina la kumwambia kupitia kwako, wewe ni mtoto kwake. Mwandikie baba yako Kibwezi leo, umweleze yote bila kupunguza, maana ugomvi wa ndugu yake ni wake kuukalia kikao. Na kama padre wa misheni anaweza kumfikia Nzioka, afike, na asiende na maji ya baraka tu, aende na maneno makali.

Wewe utafanya hivi. Nenda kwenye mkebe mchana, watu wakiwa wanaona. Tia mkono wako mtupu ndani, toa rozari, ivae shingoni au ishike, na utembee nayo hadi kwa Mbinya. Usingoje arudi, wala usimtume mtu. Mrudishie kuku wake. Mwambie sentensi moja tu, na kwa kuwa maneno hukukwama nakuandikia hapa uisome kama ikibidi: "Mama, hakuna kilichofungwa, kwa hiyo hakuna cha kufungua, lakini nimekuja kusali na wewe na kukusindikiza hospitali." Atakuuliza tena ufungue. Mwambie tena sentensi ileile. Usibishane naye juu ya Mama Maria, hiyo si siku yake. Sali kwa sauti, sala fupi ambayo hata watu wa kanisa lake wanaijua, Baba Yetu, na umshike Ndolo kwa mkono ulioshika rozari, ili mama yake aone kwamba mtoto ameguswa na hakuna kilichotokea.

Huenda Mbinya akaondoka pale akiamini moyoni kwamba umefungua. Hilo litakuwa lake. Wewe utakuwa umesema kweli mara mbili na kusali mara moja, na mtoto atakuwa njiani. Kumfundisha kutakuja baadaye, na utafundisha vizuri zaidi kama Ndolo atakuwa anakimbia uani mkiongea.

Kuhusu usafiri: umesema Abdulkadir alikuonyesha tasbihi yake. Mtu anayejali kiasi hicho hofu ya mtoto wa jirani ukimwomba awapakie kwenye gari linalokwenda kuchukua bidhaa mjini atawapakia, na kama hana gari anamjua mwenye nalo. Mwombe. Najua kuomba kunakuwia vigumu kuliko mtihani. Sala uliyoisali miaka yote hii ilikuwa inakufundisha hilohilo, kuomba kwa sauti, kwa maneno yaleyale, bila kuchoka, na bila kuona haya.

Mama yako aende nanyi. Mjane asikae wodini peke yake na mgonjwa wa wiki nyingi, na mama yako, aliyeitoa rozari kwa furaha bila kujua, atapenda kuwa na kitu cha kufanya. Mkifika, msimfiche daktari habari ya baba wa mtoto, mwambieni alivyougua na alivyokufa, na mwambieni juu ya kichuguu. Watoto wengine wa nyumba hiyo wapimwe pia.

Umeniuliza kama rozari ile bado ni rozari. Ukipata nafasi mpelekee padre, aibariki tena kwa utulivu wako, si kwa sababu imebadilika. Ukitaka nyingine nitakutumia yangu. Lakini swali hilo, na swali la kichuguu, na swali la nani alisema uongo juu ya lile jiwe, yote yapange mstari na yasubiri zamu yake. Wa mbele ni Ndolo.